Shingo ya Bibi Arobaini na Moja

Nimekaa na Mwende kigoda kwa kigoda miaka kumi na tisa, na sijaona mtu mkaidi kumshinda. Nasema hivyo kwa mapenzi. Mimi ni Jumwa, Mgiriama wa Kaloleni niliyeletwa Changamwe na ndoa. Ndoa ilikwisha, Changamwe nikabaki nayo. Kazi yangu ni kusugua vinyago kwa msasa katika kibanda cha wachongaji kilicho nyuma ya barabara ya uwanja wa ndege. Kazi ya Mwende ilikuwa hiyohiyo, ila yeye hakukubali hata siku moja kwamba ndiyo yake.

Kibanda chetu ni kirefu, paa la mabati, sakafu ya udongo uliofunikwa na vumbi la mbao. Mbele wanaketi wachongaji, wanaume watupu, wengi wao Wakamba walioirithi kazi hii kwa baba zao. Nyuma, karibu na choo, tunaketi sisi wanawake. Mwanamume anamchonga twiga, anamtupa nyuma. Sisi tunamsugua, tunampaka rangi ya viatu, tunamng'arisha mpaka anapendeza, kisha anapelekwa dukani akiwa na jina la mwanamume. Jina lenyewe ni namba. Kila mchongaji ana yake, na huchomwa kwa chuma cha moto chini ya kazi. Mzee Nzioka, mwenyekiti wetu, ni namba saba. Kazi yake ikifika hata Ulaya, ukiigeuza chini utaikuta saba.

Mwende alitaka namba. Hakutaka kingine. Baba yake alikuwa mchongaji kule Wamunyu, Ukambani, akamfundisha kushika tezo akiwa mdogo, na watu walipomwambia kwamba binti hafundishwi kazi hiyo alikuwa amekwisha chelewa. Kila Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwake Mikindani, Mwende alichonga: miiko, bata, vichwa vya watu, kwa vipande vya mwarobaini alivyoviokota chini ya miguu ya wanaume. Kazi nzuri, wallahi. Lakini vipande ni vipande. Gogo zima hupewa mwenye namba, na namba hupewa aliyeonyesha kazi ya gogo zima. Sasa niambie, anayeanza anaanzia wapi? Mara tatu alikwenda mbele ya kamati, na mara tatu wakamwambia kwamba wataangalia.

"Mwenzangu," nilimwambia, "hawa wanaangalia huku wamefumba macho."

"Watachoka kufumba," akanijibu, akaendelea kusugua.

Hapo alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili kwenye msasa.

Sasa nije kwa Bibi Arobaini na Moja. Kibandani kuna kitabu cha picha kisicho na jalada, kilichoachwa na mteja zamani, hata hakuna anayemkumbuka. Ndani mna vinyago vya Afrika Magharibi, vile vinavyovaliwa vijana wakitolewa utotoni: vya wavulana vyenye pembe na midomo ya ndege, na kimoja cha wasichana. Majina yake hatukuyajua. Tuliviita kwa kurasa. Utamsikia mtu akisema, "Kesho nataka Kumi na Tisa watatu," au, "Thelathini na Mbili huyu hana pembe, ulikuwa umelala?" Cha wasichana kilikuwa ukurasa wa arobaini na moja: uso mweusi wa mwanamke, paji pana, macho yaliyoinama, kinywa kidogo kilichofungwa, nywele zilizosukwa zikapandishwa juu, na shingoni mikunjo minene, mmoja juu ya mwingine. Tukamwita Bibi.

Wakamba hawana mila ya vinyago vya kuvaa, na sisi Wagiriama hatuna. Tulichokuwa nacho ni picha, na picha zote zilipigwa kwa mbele. Hata simu ya Maxwell, muuzaji wetu, ilileta nyuso tupu. Basi miaka yote Bibi alichongwa nusu: uso, na nyuma bapa yenye waya wa kumtundika ukutani. Shingo nayo Mzee Nzioka aliipunguza. Pichani ilikuwa nene sawa na kichwa, naye akasema hakuna mtalii atakayenunua mwanamke mwenye shingo ya ng'ombe. Akaichonga nyembamba na ndefu, na wengine wote wakamfuata.

Mwende peke yake ndiye aliyeisugua shingo ile akinung'unika. "Aliyemchonga wa kwanza hakuwa mjinga," aliniambia. "Kama aliifanya nene, iko sababu." Wengine hawakusumbuka na sababu. Maxwell aliwaambia wageni kwamba Bibi ni malkia wa mvua. Maxwell akikosa hadithi huitunga papo hapo, Mungu amsamehe.

Mwaka jana, mwishoni mwa Juni, akaingia dukani Mama Kallon. Alikuwa mwanamke wa Sierra Leone, mrefu, kilemba kimesimama wima kichwani. Mumewe ni mhandisi wa meli, wameishi Nyali miaka mitano, na Kiswahili alifundishwa na Nyevu, mwanamke wa Kisauni anayemsaidia nyumbani. Kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha adabu zake zote, abee na starehe. Alipomwona Bibi ukutani alicheka hadi akashika meza. Kisha akamshusha, akamgeuza.

"Kisogo chake kiko wapi?" akauliza.

Maxwell akaanza habari za mvua. Mama Kallon akainua kidole kimoja tu, na mvua ya Maxwell ikakatika. Kicheko kile kilikuwa kimekwisha tuvuta sote, wachongaji na wasuguaji, tukasongamana mlangoni mwa duka.

"Huyu kwetu ni kama kungwi," akatueleza. "Hatundikwi, anavaliwa. Kichwa chote kinaingia ndani, anashuka hadi mabegani, na anayemvaa ni mwanamke. Vinyago vingine mnavyochonga humu ni vya wanaume. Huyu ni wetu." Akasema wasichana wakitolewa, huyo ndiye anayewatangulia, akicheza bila kutamka neno. Kinywa chake kidogo kwa sababu hatoi siri. Mikunjo ya shingo ni viwimbi vya maji, maana ametoka majini.

Kisha akasema haja yake. Alikuwa na binti, na rafiki zake wa Sierra Leone na Liberia wanaoishi Mombasa walikuwa na mabinti watano. Likizo ya Agosti walitaka kuwatoa hao sita. Kinyago cha nyumbani hakisafiri. Alitaka Bibi mpya, kamili, wa kuvaliwa na kuchezwa, kwa wiki tano.

Kabla Mzee Nzioka hajafungua kinywa, Mwende akauliza kutoka nyuma, "Samahani, mama. Kisu kipo?"

Mimi nilijua linakotoka swali lile. Nyanya yake Mwende alipitia kisu cha tohara, na mama yake pia, na yeye angepitia kama si baba yake huyohuyo wa tezo kusimama mlangoni akakataa.

"Hakipo," akasema Mama Kallon, akimtazama machoni. "Mimi na wenzangu tumekizika. Hawa watafundishwa, watavaa nyeupe, watachezewa ngoma. Ningekuwa na kisu nisingekuja mchana."

"Basi ni kazi njema," akasema Mwende.

Kazi ikachukuliwa na namba saba, nani mwingine? Mzee Nzioka akachagua gogo la mjakaranda, mti mwepesi, akachonga kwa wiki mbili, na sitamsema vibaya, kwa sura alikuwa Bibi mzuri kupita wote. Ndani aliuchimba kwa patasi yake ndefu iliyopinda. Alipima kwa kichwa chake mwenyewe, na kilipita, kwa kukwaruza masikio, maana Mzee ana kichwa kidogo na upara usio na unywele. Lakini shingo! Shingo aliipunguza vilevile. Mkono wa miaka arobaini haukukubali kuiacha nene.

Kinyago kilipofika kwetu, Mwende hakukigusa kwa msasa. Alivua leso yake, akanizungushia mimi kichwani, juu ya nywele zangu za kusuka, akafunga fundo kuweka kipimo, kisha akaipeleka leso kwenye tundu la shingo. Ilizidi kwa vidole vinne.

"Mzee," akaita, "kichwa cha mwanamke hakipiti hapa."

"Wewe sugua," akajibiwa.

Tukasugua. Mama Kallon akaja siku ya kujaribu, akavua kilemba, akainua kinyago, akakiingiza. Kikakwama juu ya masikio. Akakizungusha, akakisukuma, kikakwama palepale, naye amesimama kama mtu aliyejitia sufuria. Hakuna aliyecheka. Mzee Nzioka akakipokea, akasema ni jambo dogo, atapanua. Akaingiza patasi shingoni, akagonga mara tatu. Ya nne, kikapasuka toka shingoni hadi kwenye jicho.

Zilibaki siku kumi na saba. Wachongaji wakatazama miguu yao. Mzee Nzioka alikuwa ameshika vipande viwili vya uso, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. Nilimwonea huruma, ingawa sikupenda kumwonea.

Mwende akainuka kigodani, akajikung'uta vumbi.

"Nipeni gogo," akasema.

"Na ukiliharibu?" akauliza Mzee, bila ukali.

"Nikiliharibu, neno namba halitatoka tena kinywani mwangu hadi naingia kaburini. Nisipoliharibu, mnanipa namba. Mbele ya watu hawa."

Mzee akawatazama wanakamati, wakatikisa vichwa kukubali. Wangefanya nini? Lakini aliyesita alikuwa Mama Kallon. "Dada yangu," akasema taratibu, "kwetu huchongwa na mwanamume, tena mafichoni. Sijasikia mwanamke kumchonga."

"Na huyo mwanamume anaruhusiwa kumvaa?"

"Hata kidogo!"

"Basi anajenga nyumba asiyoingia. Mimi nitamchonga huku nikiingia na kutoka. Nitajua panapobana."

Uso wa Mama Kallon ukalegea. "Lakini iwe mafichoni," akasema.

Tukatundika magunia kule nyuma, yakawa chumba. Ndani tuliingia wawili, yeye kwa mikono yake na mimi kwa kichwa changu. Ndiyo, kichwa changu. Mwende alisema nywele zangu ni nyingi na kinyago kikipita kwangu kitapita kwa kila mtu. Mchana kutwa alinivalisha gogo lile, akalivua, akachimba kidogo, akanivalisha tena. Masikio yangu yalichubuka. Nikilalamika ananiambia, "Nyamaza, wewe ni kipimo."

Shingo aliiacha nene, na hapo ndipo nilipoelewa mwenyewe. Shingo ndiyo mlango. Ule unene tulioucheka na kuupunguza miaka yote, ulikuwa ndiyo njia ya kichwa kuingilia. Tulikuwa tumewachonga mabibi mamia, na wote tumewaziba mlango. Nilicheka peke yangu humo gizani ndani ya kinyago, sauti ikanirudia masikioni.

Na macho pia. Alipoyatoboa nyufa za kuonea, Mwende akamvaa mwenyewe, akatembea hatua sita, akazunguka. "Jumwa," akasema, sauti imezibwa, "najua kwa nini ameinamisha macho. Ukiwa humu unaona chini. Unaona unapokanyaga. Mbele huoni kitu ila miguu ya watu." Akavua, uso wote jasho, akafurahi kweli. Alisema aliyemchonga wa kwanza alikuwa fundi, lakini mwanamke aliyemvaa wa kwanza ndiye aliyemwambia fundi la kufanya.

Siku ya tisa mti ukatuonyesha ubaya wake. Kwenye mkunjo wa tatu wa shingo palikuwa na kifundo, na Mwende alipokisogelea kwa patasi kikatoka kizima, kikaanguka chini, kikaacha tundu la kuingia kidole gumba. Nilikitazama kifundo kile pale mavumbini, nikawaza. Miaka ishirini na miwili, imetoka kwa tundu dogo hivyo. Alichukua kinyago, akakivaa, akageuza shingo huku na huku.

Sauti ikatoka ndani: "Pumzi inaingia."

"Nini?"

"Humu huwa moto, mtu hawezi kucheza nusu saa. Sasa upepo unaingia shingoni." Akavua. Akapima upande wa pili kwa uzi, akachora duara, na akatoboa tundu la pili kwa makusudi, sawasawa na la kwanza, akayazungushia viwimbi mpaka ungedhani yameanza kabla ya shingo. Mimi nilikuwa bado nimeshika moyo.

Kesho yake kitu kikasukumwa chini ya gunia. Ilikuwa patasi ndefu iliyopinda, ya namba saba, imenolewa upya. Tukasikia viatu vya Mzee Nzioka vikiondoka. Mwende aliipindua mkononi, akaanza nayo kuupunguza mti wa paji kwa ndani, maana uzito wake bado ulikuwa unainamisha kichwa.

Nje tulimpaka Bibi rangi ya viatu tabaka sita, hilo tunalijua kuliko watu wote duniani. Ndani hatukupaka ila mafuta ya nazi, mwenye kuvaa asitoke na uso wa makaa.

Mama Kallon akaja siku tatu kabla ya sherehe. Akaingia nyuma ya magunia peke yake, sisi sote tukabaki nje, wanaume kwa wanawake. Kisha tukasikia miguu: polepole, halafu haraka, halafu inagonga ardhi kwa mdundo ambao hakuna kati yetu aliyeujua. Maxwell alisahau kufunga mdomo. Miguu ikakoma. Mama Kallon akatoka na kinyago kimefungwa katika leso nyeupe, macho yake yamelowa.

"Amefika," akasema.

Basi Mzee Nzioka akapiga makofi mawili kutuita, akaenda kwenye jiko la makaa, akatoa chuma kipya. Kilikuwa kimefuliwa namba mia tatu na kumi na mbili. Walikifua kabla hata ya kuona kazi, nami kwa hilo nilimsamehe Mzee mengi. "Namba huanza na gogo la kwanza," akasema. "Ndiyo kanuni yetu. Mwende, chukua. Choma mwenyewe, ndani ya ukingo wa shingo."

Mwende akakipokea. Ncha yake ilikuwa nyekundu.

"La," akasema Mama Kallon, akikikumbatia kinyago. "Nisameheni. Huyu hana mchongaji. Wasichana wataambiwa ametoka majini. Majini hakuna namba."

Hapo mimi nilipandwa na hasira, siwezi kuficha. Nikasema miaka ishirini na miwili si mchezo, nikasema kama ni maji basi hayo maji yalikuwa jasho la mwenzangu, nikasema na mengine. Mwende akaniwekea mkono begani nikanyamaza. Alikitazama chuma, akakitazama kile kifurushi cheupe. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba jambo lile lilimuuma.

Kisha akakitumbukiza chuma katika ndoo ya maji. Kikalia, mvuke ukapanda.

"Basi huyu hana namba," akasema. "Nipeni gogo jingine."

Kwa kanuni hakuwa na haki nalo. Namba ilikuwa haijachomwa popote, kwa hiyo alikuwa bado msuguaji kama mimi. Wanakamati wakamtazama Mzee Nzioka. Mzee akatazama ndoo. Akaenda mwenyewe kwenye rundo, akagonga magogo kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine, akachagua la mjakaranda lililonyooka, akaliviringisha kwa mguu kupita wachongaji wote hadi mbele ya kigoda cha Mwende.

"Usikae huku nyuma tena," akamwambia. "Kuna harufu ya choo."

Miaka yote hiyo, na ndiyo kwanza pua yake inajua. Kigoda kikahamishwa mbele.

Siku ya kuwatoa mabinti tulialikwa, yeye na mimi, kule Magogoni, Kisauni, katika ua wa Nyevu, yule anayemsaidia Mama Kallon nyumbani. Wasichana sita walitoka ndani wamevaa nyeupe, wanajikaza wasicheke, mama zao wanapiga vigelegele vya kwao na majirani wa Kisauni wanajibu kwa vya kwetu. Mbele yao akatangulia Bibi, amefunikwa manyasi meusi toka mabegani hadi miguuni, hata kidole hakionekani. Sikuuliza nani yumo. Alizunguka, akainama, akasimama mbele ya kila msichana, na kila msichana akaacha kujikaza. Kile kitu kilichonichubua masikio kilikuwa hai, na mimi nililia hadharani bila haya.

Mwanamke mmoja wa mtaani akamgusa Mwende kiwiko. "Dada, uzuri ulioje! Kimechongwa na nani?"

Nilivuta pumzi kwa ajili ya kujibu. Nilikuwa na jina, nilikuwa na namba, nilikuwa na hadithi yote tangu Wamunyu. Mwende akanitangulia.

"Hakuchongwa," akasema, bila kuondoa macho kwa Bibi. "Ametoka majini."

Na mimi, ambaye kichwa changu ndicho kilichokuwa kipimo cha mlango ule, nilifunga mdomo wangu, jambo ambalo Mwende anasema hajalishuhudia tena hadi leo.